Mlipuko ukiingia kazini, anayeumwa apewe pole kabla ya maswali

Kila mlipuko ukiingia Dar tunakimbilia ndoo za maji tiririka na sanitaiza, sawa kabisa, ila mimi kazi yangu ni afya na usalama makazini na nikifika sehemu naanza kusikiliza kwanza watu wanavyoongeleshana, manake hapo ndo najua ugonjwa utaisha mapema au utazunguka idara zote.

Chukulia macho mekundu ya Januari 2024, wengi mnakumbuka. Kwenye magodauni nilikua nakuta mtu kavaa miwani nyeusi ndani ya stoo ambayo haina hata dirisha, afu anashika kalamu ya daftari la mahudhurio, anaweka kidole kwenye mashine, anamimina chai kwenye chupa ileile ya wenzake. Kwanini hasemi? Kwasababu wa kwanza kusema alifokewa mbele za watu, "we toka hapa utatuambukiza wote", na picha yake ikarushwa kwenye grupu la WhatsApp la kazini, basi wengine wakajifunza kunyamaza. Na kirusi kile kinapita kwenye mikono na vitu vinavyoshikwa na wengi, kwahiyo anayejificha huku anachapa kazi kama kawaida anaeneza kuliko yule aliyesema mapema akaenda hospitali. Ndo maana mi upole nauhesabu kwenye vifaa vya kinga, pamoja na sabuni.

Hofu yenyewe simlaumu mtu, ugonjwa unatisha na kila mtu ana watoto nyumbani. Ila hofu inapungua sana ukijua ugonjwa unapita njia gani. 2019 tulivyokua na dengue hapa jijini watu walikua wanahamisha viti kumkimbia mwenzao mwenye homa, wakati dengue haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu kwa kukaa naye, inaletwa na mbu anayeuma mchana, na mbu mwenyewe anazaliana kwenye maji yaliyotuama, matairi ya nyuma ya jengo, visahani vya maua pale mapokezi. Yani wamemkimbia mgonjwa wakabaki na mbu! Kipindupindu nacho, kama kile kilichoanza hapa Dar Agosti 2015, kinapita kwenye maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, kwahiyo nguvu iende chooni, kwenye maji ya kunywa na pale mnaponunua msosi wa mchana, sio kumnyanyapaa aliyepona.

Sasa namna ya kuongea. Kuna mama mmoja msimamizi kwenye kiwanda kidogo huku Chang'ombe, nilikuwepo siku kijana wake mmoja kaja anatetemeka na homa. Hakupiga kelele. Alimvuta pembeni akamwambia, "Pole mwanangu. Imeanza lini? Nyumbani nani yupo wa kukuangalia? Nenda kituo cha afya sasa hivi, ukitoka nipigie, kazi yako ipo." Kijana akajibu "sawa mama" akaondoka kichwa juu. Hayo maneno "kazi yako ipo" ndo yaliyofanya kazi, kwasababu baada ya hapo wengine wenye dalili wakaanza kumfata wenyewe bila kuitwa.

Mabosi nao wajue sio hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa mpaka siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofata nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Kwahiyo mtu akileta ED, ile karatasi ya daktari ya kumpumzisha kazini, usimnunie. Shida kubwa naiona kwa vibarua wa kutwa, yule asipokuja hali, ukimfukuza getini mikono mitupu anapanda daladala na homa yake anaenda kutafuta kazi godauni lingine. Hili linaniuma kweli. Kampuni inayoweza kulipa mafundi kubadilisha vigae inaweza kumpa kibarua hela ya kula siku anazoumwa, na itapata faida kuliko kufunga zamu nzima.

Kwenye grupu usitaje jina la mgonjwa. Andika tu: "Kuna mwenzetu wa stoo anaumwa, anatibiwa, sehemu imesafishwa, mwenye dalili aje kwangu, hatatangazwa." Ukiwa umepaniki subiri kwanza utulie ndo utume, meseji ya bosi iliyoandikwa kwa hasira inasambaa haraka kuliko ugonjwa. Na zile sauti za "nimeambiwa na daktari fulani" msizirushe, subirini taarifa ya Wizara ya Afya au pigeni 199, ni bure.

Mtu akipona pia kuna kazi. Wa macho mekundu asirudi mpaka macho yaache kutoa machozi na tongotongo, inaweza kufika hata wiki mbili. Siku ya kwanza asiulizwe maswali mbele ya watu. Msimamizi amuite pembeni amuulize kama ana nguvu za kubeba mizigo au apewe kazi nyepesi wiki hiyo, na wale waliomsema kwenye grupu wamfate wenyewe wampe pole na wamuombe radhi, tena kabla ya chai ya saa nne.