Dhoruba dhaifu, mafuriko ya kuua

Redio ikitangaza tu tufani upande wa Msumbiji, hapa Bukavu majirani wananiuliza: upepo una kilomita ngapi? Kwa mtu wa haidrolojia, hilo si swali la kwanza.

Tuchukue dhoruba iliyoitwa Ana, ya Januari 2022. Dhoruba kama hiyo huzaliwa pale bahari inapofika nyuzi 26.5 au zaidi, tena joto hilo liwe limezama mita kama 50. Mvuke hupanda, hupoa, hugeuka matone, na kwa kugeuka huachia joto lililokuwa limefichwa ndani yake. Joto hilo huinua hewa zaidi, mgandamizo wa chini hupungua, hewa ya pembeni hukimbilia hapo, na mzunguko wa dunia huipinda mpaka izunguke. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni ndogo mno. Mnaoogopa kwamba Ziwa Kivu litatuzalia tufani, laleni salama. Kwa hilo tu.

Pepo za juu zikienda tofauti sana na za chini, mnara wa mawingu hupinda na dhoruba hubaki dhaifu. Udhaifu huo ni wa upepo peke yake. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi dhoruba hupewa jina ikifika kilomita 63 kwa saa, na haiitwi tufani mpaka ifike kama 118. Maji yaliyomo hayapimwi hapo, na kwangu hiyo ndiyo kasoro ya mizani yenyewe.

Ana haikufika kiwango cha tufani. Ilivuka Madagaska, ambako Antananarivo udongo ulikuwa umeshashiba mvua za siku zilizotangulia, ikaingia Msumbiji tarehe 24, ikafika Malawi imelegea. Hata hivyo mto Shire ulifurika Chikwawa, na sehemu ya tuta la bwawa la umeme la Kapichira ikasombwa.

Piga hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Milimita 200 kwenye kilomita 1 ya mraba ni lita milioni 200. Sasa zimwage kwenye mteremko wa Kadutu, hapa Bukavu, nyumba zimebanana, mitaro imeziba kwa chupa za plastiki.

Kule Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, Mei 2023, hapakuwa na dhoruba yenye jina. Mvua ya mlimani tu; mito ikashuka na mawe hadi vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wakafa watu zaidi ya 400. Ndiyo maana jirani akiniuliza upepo, mimi namuuliza mawingu yanasogea kwa mwendo gani, maana yakikawia humwaga maji mahali pamoja, na wiki iliyopita ilinyesha kiasi gani.