Huduma za VVU zisisimame janga linapoingia

Mlipuko mkubwa wa ugonjwa unapozuka, wahudumu huhamishiwa wodi za dharura, usafiri huwa wa shida na watu huogopa hata kukaribia kituo cha afya. Kwa anayeishi na VVU hatari huja haraka, kwa kuwa dawa za ARV haziviondoi virusi mwilini bali huvizuia kuzaliana. Zikikatizwa, virusi huanza kuongezeka ndani ya wiki chache, kinga hushuka na usugu wa dawa, yaani virusi kutosikia tena dawa, unaweza kujitokeza.

Mwezi Mei 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia UKIMWI, walikadiria kwamba tiba ikikatika kwa miezi 6 kwa sababu ya UVIKO-19, vifo vya ziada zaidi ya 500,000 vingeweza kutokea kusini mwa Jangwa la Sahara. Nchi nyingi ziliharakisha kutoa dawa za miezi 3 au 6 kwa mkupuo, utaratibu ambao WHO ilikuwa imeshaupendekeza tangu 2016 kwa wanaoendelea vizuri na tiba. Kwa maoni yangu, haukupaswa kungoja janga.

Hata hivyo, dawa za miezi mingi hutolewa pale tu ghala lina akiba. Julai 2020 nchi 73 zilieleza kuwa zimo hatarini kuishiwa ARV, hivyo maagizo yafanyike mapema, la sivyo wa kwanza kufika watachukua na wa mwisho watarudi mikono mitupu.

Kupeleka dawa nyumbani husaidia, ila kunahitaji staha. Kopo la vidonge 90 hulia likitikiswa, na kwa aliyeficha hali yake sauti hiyo yatosha kuzua maswali. Mteja mwenyewe achague mahali pa kukutana, na mhudumu afike bila sare wala gari lenye maandishi.

Wajawazito wasiahirishiwe huduma kabisa: bila tiba, uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto ni asilimia 15 hadi 45, ilhali tiba sahihi huushusha chini ya asilimia 5. Sampuli za damu za kupima VVU kwa watoto wachanga nazo zitengewe nafasi kwenye mashine za maabara zinazotumika pia kupima ugonjwa wa mlipuko.

Anayeona dawa zinakaribia kwisha asiruke siku ili zifike mbali, bali apige simu kituoni mapema au aende na kadi yake katika kituo kingine kilicho karibu. Aliyekwisha kukatiza apokelewe bila kukaripiwa na aanzishiwe tena tiba baada ya kuchunguzwa.