Mjusi wa bluu wa Kimboza: yanayosemwa na yalivyo

"Ana rangi kali, basi ana sumu." Hana. *Lygodactylus williamsi* ni jamaa wa mjusi kafiri wa ukutani, ila huyu hutembea mchana. Aliyekomaa, pamoja na mkia wake, hazidi urefu wa kidole, na chakula chake ni wadudu wadogo.

"Wa kijani ni aina nyingine, hao hawajalindwa." Hapa ndipo wengi huteleza, na wafanyabiashara wamefaidika. Anayeng'aa bluu ni dume aliyekomaa. Jike na makinda ni wa kijani au hudhurungi, na hata dume hufifia akipata baridi au hofu. Mgeuze umwone kwa chini: tumbo ni la chungwa, na dume ana michirizi minene myeusi kooni. Tanzania haikuwahi kuruhusu mjusi huyu auzwe nje. Walisafirishwa kwa jina la mijusi wengine wa jenasi ya *Lygodactylus*.

"Msitu upo, mjusi yupo." Msitu wa Hifadhi wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro, una takriban kilomita za mraba 4, na si kila mti humo ni nyumba yake. Anaishi kwenye mkadi, *Pandanus rabaiensis*, tena ule mkubwa wenye majani ya zaidi ya mita moja. Kwa kawaida mkadi mmoja una dume mmoja aliyekomaa, jike mmoja au zaidi na makinda. Hujificha kwenye vikonyo vya majani, palipobanana na penye miiba pembeni. Mkono haupiti kirahisi, kwa hiyo wakamataji waliuangusha mti mzima kisha wakaokota mijusi majanini. Aliyeponyoka siku hiyo hakuwa na pa kurudi.

"Wako maelfu, wachache wakichukuliwa hawapungui." Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2012 yaliwaweka waliokomaa karibu 150,000. Idadi inaonekana kubwa hadi uiweke kando ya hii: kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji lilichukua kati ya 32,000 na 43,000. Hapo mikadi iliyokatwa haijahesabiwa, na kwangu hiyo ndiyo hasara nzito zaidi. Jike hutaga mayai mawili hivi kwa mara moja na anaweza kufidia. Mkadi haukui kwa mwaka mmoja.

"CITES imemaliza kazi." Huo ni mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Tangu 2017 mjusi huyu yumo Kiambatisho cha I, orodha yake kali zaidi, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa. Karatasi hiyo haizimi moto unaoingia kutoka mashambani. Wala haiuzuii *Cedrela odorata*, mti wa Amerika uliopandwa humo, ambao mbegu zake zina mabawa na hupeperushwa mbali. Kuuondoa kunataka akili. Ukiuangusha, unaweza kuiponda mikadi iliyo chini yake, na kisiki huchipua tena. Afadhali gome lichubuliwe kuzunguka shina lote, mti ufie umesimama, na miche ing'olewe ingali midogo.

"Kumtazama hakumdhuru." Ni kweli, ukimtazama kwa darubini. Ukiyapanua majani ya mkadi upate picha, unayavunja, na mayai huwa yamebandikwa humo humo.