Ugatuzi: nani anaweza kukupokonya?

Hapa Kisumu neno ugatuzi limekuwa la kila siku tangu 2013, serikali za kaunti 47 zilipoanza kazi. Wengi wetu hulitumia tukimaanisha ofisi ya serikali iliyo karibu. Lakini ofisi za karibu tulikuwa nazo kitambo. Mkuu wa Mkoa wa Nyanza alikaa papa hapa mjini, wa Bonde la Ufa alikuwa Nakuru, wa Magharibi Kakamega. Walikuwa majirani zetu, ila waliteuliwa na rais, na enzi za Moi ofisa mkubwa angeweza kujua amefutwa kazi kwa kusikiliza taarifa ya habari ya saa saba. Mkono ulifika kwetu, kichwa kikabaki Nairobi. Hayo ndiyo mamlaka ya kati, hata yakija hadi mlangoni pako.

Kugatua ni kumpa wa chini madaraka ambayo wa juu hawezi kuyachukua apendapo. Gavana huchaguliwa na watu wa kaunti, na rais hawezi kumfuta. Hata kusimamisha serikali ya kaunti, nje ya vita na dharura, kunahitaji tume huru ya uchunguzi na kibali cha Seneti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi pia: zahanati, kilimo, masoko na chekechea ni za kaunti, polisi na shule za msingi zimebaki kwa serikali kuu. (Kwa hiyo kumlaumu gavana kwa uhaba wa walimu wa darasa la nne ni kubisha nyumba ya jirani.)

Tuliwahi kujaribu jambo hili. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na majimbo, yaani serikali za mikoa zenye madaraka yake. Nairobi ikashika mfuko, chama cha KADU kilichoyatetea kikajivunja na kuingia chama tawala, KANU, mwezi Novemba 1964, na Kenya ilipokuwa jamhuri mwezi uliofuata majimbo yakawa yamekwisha nguvu. Bunge lilitosha kuyazika. Walioandika katiba ya sasa hawakusahau: kaunti hupata angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa hesabu zilizokaguliwa, na kuvunja muundo wa ugatuzi kunahitaji kura ya maoni.

Swali hilohilo la nani anaweza kukupokonya linafaa hata kwa simu yako. Kikundi cha WhatsApp cha chama chenu cha akiba kinaweza kuwa na maadmini sita, mkadhani mmegawana madaraka. Lakini aliyekianzisha hawezi kuondolewa na maadmini wengine, atoke mwenyewe. Juu yake kuna kampuni moja, Meta. Tarehe 4 Oktoba 2021 mitambo yake ilipozimika kwa saa kama sita, WhatsApp, Facebook na Instagram zilinyamaza pamoja, Kisumu na Brazili. Barua pepe si hivyo. Mwenye Gmail humwandikia mwenye Yahoo, na mmoja akizima seva zake wengine huendelea kuandikiana.

Sisemi kila kitu kigatuliwe. Madaktari, kwa mfano, wamedai mara nyingi tume moja ya kitaifa ya kuwaajiri, maana kila kaunti ina mwajiri wake na mishahara ikichelewa hakuna mlango mmoja wa kugonga. Nami nawaelewa.

Linalonikera zaidi ni ugatuzi uliokwama njiani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka madaraka yashuke hadi wadi na kijiji, kukiwa na mabaraza ya vijiji. Muulize mzee wa Muhoroni au mama wa Nyakach bajeti ya barabara yao iliamuliwa wapi, na ni nani alikuwa chumbani. Akikujibu "mjini", basi kwake Nairobi imehamia Kisumu tu.