Bonde la Kilombero: yanayosemwa na ukweli wake

Ukikaa kwenye vikao vya mipango ya ardhi katika halmashauri za Bonde la Kilombero, Morogoro, utasikia kauli zilezile, kwa diwani, kwa mfugaji, hata kwa mtaalamu.

"Ile ni ardhi tupu." Hii ndiyo inayoumiza zaidi, maana kiangazi unaweza kuiamini: nyasi zimekauka, hakuna nyumba. Njoo masika. Mito ya Mnyera, Ruhudji, Mpanga na Kihansi inashuka kutoka milimani, na tambarare inayapokea maji hayo na kuyapunguza kasi. Tope linalotua ndilo rutuba ya mpunga. Samaki huingia kwenye mafuriko kuzaliana, na sheshe, swala wa mbugani, wanaishi kwa kufuata majani ya pembezoni mwa maji. Zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji yanatoka Kilombero, kwa hiyo hata Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, linalitegemea bonde hili. Hiyo ndiyo "ardhi tupu" tunayotaka kuigawa viwanja!

"Ramsar maana yake hakuna kulima." Si kweli. Ramsar ni mkataba wa kimataifa wa ardhioevu, yaani ardhi inayofunikwa na maji kwa msimu au mwaka mzima. Mkataba huo wa mwaka 1971, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000, unataka matumizi ya busara, na kwake hata majaluba ya mpunga ni ardhioevu. Kilombero iliingia kwenye orodha yake mwaka 2002, karibu kilomita za mraba 8,000. Kinachozuia kilimo ni Pori la Akiba, lenye sheria ya wanyamapori na mipaka yake. Tusiyachanganye: mkulima akiambiwa kila kitu ni marufuku, haoni sababu ya kuja mkutanoni.

"Ukiacha mita 60, umemaliza." Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo hizo. Lakini Kilombero maji ya masika hutanda kilomita kadhaa kutoka mtoni. Ramani iliyopimwa kiangazi peke yake itakupotosha. Waulize wazee maji yalifikia wapi, tembea nao, kisha chora mazalia ya samaki, njia za ng'ombe na sehemu za kunyweshea kabla hujagusa mashamba.

"Mpango ni kazi ya wataalamu." Timu ya wilaya husaidia tu, mpango wa kijiji hupitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na mpaka wa kijiji hauzuii maji. Mfereji wa kijiji cha juu unaweza kuzamisha mpunga wa kijiji cha chini. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inaruhusu vijiji jirani kupanga kwa pamoja, na kwa maoni yangu, penye ardhioevu kazi ianzie hapo, mfereji wa kwanza ukiwa bado haujachimbwa.