Shoka la barafu: yanayosemwa na yalivyo

"Ukilining'iniza mkononi, ncha ya chini iguse kifundo cha mguu." Kipimo hiki cha urefu wa shoka la wapanda milima ya theluji ni urithi wa enzi za mipini mirefu ya mbao, shoka lilipokuwa pia mkongojo. Kwenye theluji ya tambarare hakina ubaya. Mlima ukishasimama, theluji ya upande wa juu inakaribia kiganja chako, na mpini wa sentimita 70 unakulazimisha kuinua bega kila unapouchomeka. Ndiyo maana wengi siku hizi hubeba wa sentimita 50 hadi 60, hata watu warefu. Anayetaka kitu cha kuegemea achukue fimbo za kutembelea.

"Nunua lililopinda kabisa, usije ukanunua mara mbili." Ushauri huu ndio unaotia watu hasara. Mashoka ya kupandia kuta za barafu hutumika mawili mawili. Mpini umepinda ili vidole visigonge barafu, na mdomo, yaani ncha kali ya kichwani, wenye meno umeinamia chini kwa ukali ili unase vizuri ukivutwa. Kwenye mteremko wa kawaida sifa hizohizo zinageuka kasoro: mpini huo hauzami vizuri kwenye theluji ngumu, na ukiteleza, mdomo hunasa ghafla hata shoka likakuponyoka. Mwanzaji anahitaji mpini ulionyooka, au uliopinda kidogo karibu na kichwa, wenye tezo upande wa pili badala ya nyundo.

"B ni la bei rahisi, T ndilo la kweli." Hizo ni alama za EN 13089, kiwango cha Ulaya cha ubora wa mashoka ya barafu: B ni la msingi, T ni la kiufundi. T hujaribiwa kwa mzigo mkubwa zaidi, lakini B nalo limepimwa. Tena yapo mashoka ya ukutani yenye mpini wa T na mdomo wa B kwa makusudi, maana mdomo mwembamba huingia barafuni kwa urahisi.

"Jepesi zaidi ndilo bora." Kichwa cha alumini kinawafaa wapanda mlima kwa skii. Kwenye barafu ngumu kinadunda. Hapo chagua chuma.

"Ukiwa nalo, ukianguka utajizuia." Kwenye theluji, pengine, ikiwa umefanya mazoezi na ukawahi kabla hujashika kasi. Kwenye barafu tupu, ni nadra sana. Kazi ya kwanza ya shoka ni kukuzuia usianguke.

"Likibutuka, mashine ya kunolea italimaliza haraka." Italimaliza kweli: joto lake hulainisha chuma. Tumia tupa, kwa mkono, polepole.