Kuunga, Kuungana, Kuunganisha: Kila Kimoja na Mahali Pake

Mbunge akimaliza kuchangia bungeni Dodoma husema, "Naunga mkono hoja." Kauli hiyo ikihamia kwenye simu, mara nyingi huandikwa "Na unga mkono hoja." Nafasi moja imeharibu maana yote, maana "na unga" ni ule wa ugali. Na- hiyo imebeba nafsi na wakati kwa pamoja, haitengani na kitenzi: naunga, tunaunga, wameunga. Kosa hili tunakutana nalo hata katika barua za maofisini, na linaumiza, kwa kuwa kitenzi chenyewe ni tajiri mno.

Kuunga ni kurudishia kilichokatika au kuongezea kilichopungua. Kamba iliyokatika huungwa. Mfupa uliovunjika ukipona tunasema umeunga. Ndugu waliohasimiana huhimizwa kuunga udugu, na kinyume chake kinajulikana: kukata udugu.

Jikoni ndiko neno hili linakonoga. Maharage yaliyochemshwa kwa maji na chumvi tu ni chukuchuku. Mpishi akikaanga kitunguu mpaka kigeuke rangi, akatia nyanya zikaiva na kuachia mafuta, akamimina maharage yake na kumalizia na tui zito la nazi huku akikoroga lisikatike, hapo ameyaunga. Bizari, mdalasini na karafuu zikaitwa viungo, jina lile lile la goti na kiwiko. Uwanjani nako, anayecheza kati ya mabeki na washambuliaji ni kiungo.

Kuungana ni kutendana. Hakuna upande unaobaki kutazama. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na nomino "muungano" imezaliwa na kauli hiyo ya kutendana. Kwa hiyo pande mbili zimo ndani ya neno lenyewe.

Kuunganisha kunahitaji mtu wa kuvileta pamoja vitu ambavyo kila kimoja kilikuwa kivyake. Fundi huunganisha nyaya, mteja huunganishiwa umeme. Tatizo ni kwamba maandishi ya ofisini yamekizoea kitenzi hiki kupita kiasi. Bomba lililokatika linaungwa; nyumba mpya ndiyo inayounganishwa na bomba kuu.

Tunaulizwa sana kama "kuunga bando" ni Kiswahili. Kwa maoni yangu ni Kiswahili safi, na vijana wamelenga penyewe: bando limekata, unaongezea, mazungumzo yanaendelea. Ujumbe wa kampuni za simu husema "jiunge na kifurushi", nao una mantiki yake, kwani kujiunga ni mtu kuingia mwenyewe mahali palipokwisha kuwapo, kama anavyojiunga na chama au na kidato cha tano. Atakayeandika "nimeunga bando" na atakayeandika "nimejiunga na kifurushi" wote wako sawa. Wa kusahihishwa ni anayeandika "nime unga".